Kisanduku cha Hali

Hadi asubuhi ninayotaka kuisimulia, mama mkwe wangu alikuwa hajalitaja jina la mume wake tangu aolewe, na mimi nilikuwa sijalitaja jina la baba mkwe wangu hata mara moja. Hatukuwa na ugomvi na mzee. Ndiyo heshima niliyolelewa nayo kwetu Usukumani: mwanamke aliyeolewa halitii mdomoni jina la mkwe wake, na wanawake wa rika la mama mkwe wangu hata la mume hawalitii. Ukimtaka unasema yule mzee, au mwenye mji. Akitokea jirani mwenye jina kama lake, jirani naye anatafutiwa jina jingine, apende asipende. Nilipoanza kazi ya kompyuta sikuona kama jambo hilo lingenifuata hadi mezani.

Kazi yenyewe ilikuwa katika duka la familia moja ya Kihindu, mtaa wa soko, Shinyanga mjini. Tuliuza madaftari, kalamu na karatasi za kuchapia, tulipiga fotokopi, na watu walikuja kupiga simu kwenye kibanda cha mbao pembeni. Mwishoni mwa miaka ya tisini tajiri wangu alileta kompyuta, kisha akaleta modemu, ile mashine ya kuiunganisha kompyuta na laini ya simu, ambayo kila ikiwashwa ililia kama jogoo aliyekabwa. Mama yake tajiri hakuipenda hata kidogo. Wanawe walimwita Ba, na sisi wafanyakazi tukamwita hivyo hivyo. Alikaa nyuma ya kaunta, funguo kiunoni, chini ya picha ya marehemu mumewe iliyovikwa shada la maua ya plastiki, na modemu ikianza kulia alikuwa anaitazama mpaka inyamaze.

Pamoja na modemu ilikuja sidii yenye programu ya kuchora kurasa za intaneti. Kabla yake nilikuwa nimejaribu kuandika kurasa hizo kwa mkono, alama baada ya alama, ukisahau moja tu ukurasa mzima unakuja umepinda. Hii mpya ilikuwa mambo mengine kabisa. Upande wa kushoto vifaa vilikuwa vimepangwa tayari: vitufe, visanduku vya kuandikia, visanduku vya kuchagua. Unakishika unachokitaka kwa mausi, unakiburuta, unakiweka mahali pake. Ukikibonyeza unaulizwa kifanye nini. Maandishi ya ndani programu inayaandika yenyewe. Sitasema uongo, nilikuwa na kiburi na kazi hiyo. Mafundi wa kompyuta waliokuja kutoka Mwanza walinikuta nimeshamaliza kilichowaleta, nikawa nawakaribisha chai kwa sauti ya upole ambayo mume wangu alisema ndiyo ya dharau yangu.

Kazi ya kwanza ya maana ilitoka kwa shirika moja la afya lililokuwa na zahanati karibu na machimbo ya dhahabu upande wa Geita, na ofisi Mwanza. Wanaume wa kwetu walikuwa wakienda huko kuchimba na kupotea miezi, nyumbani hakuna anayejua kama wanakula au wanaumwa. Shirika likataka ndugu waweze kuuliza. Kila siku zahanati ilisoma habari kwa redio ya upepo: nani kaletwa, ana nini, yuko katika hali gani. Karani wa Mwanza alizipokea na kuziingiza kwenye kompyuta ya ofisi yao. Na mtu akija dukani kwetu Shinyanga, tunaiuliza kompyuta ile ile kupitia laini ya simu, jibu linakuja hapo hapo kwenye kioo.

Nilichora kurasa mbili. Wa kwanza ulikuwa wa ndugu, na ulikuwa na visanduku vitatu: jina la unayemtafuta, jina la baba yake, jina la babu yake. Chini yake kitufe cha Tafuta. Shirika lilitaka majina yote matatu, kwa sababu machimboni wenye jina moja wamejaa, na tena habari ya mgonjwa haipewi kila mpita njia. Katika ile programu palikuwa na mahali pa kutia alama ya vema. Ukiitia, kisanduku kikiachwa kitupu ukurasa unagoma. Nikatia alama kwenye vyote vitatu. Jambo la wakwe hakuna aliyeliwaza, si mimi, si tajiri, si shirika.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa karani, wa kuingizia habari. Huko niliweka kisanduku cha kuchagua, nikakiita Hali. Ukikibonyeza kinateremsha maneno, unachagua moja: Mzima, Amelazwa, Amefariki. Niliyapanga hivyo jinsi yalivyonijia, nikaendelea na mambo mengine.

Mume wangu naye alikuwa huko machimboni. Alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na kiwanda kilipopunguza watu naye akapunguzwa. Alikaa nyumbani Ngokolo akitengeneza baiskeli za majirani, siku moja akafunga begi. Tuligombana sana. Nilimwambia kwamba mwanamume aliyezoea mitambo hana anachokitafuta shimoni, akaniambia nimezidi kuamrisha tangu nipewe kompyuta. Akaondoka tumenuniana. Baadaye alianza kuniletea salamu kwa watu wa mabasi, nami nikajibu, tukapatana kwa midomo ya makondakta. Nilimpenda. Neno hilo naliandika hapa kwa sababu kwa mdomo nilimwambia mara chache.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imeanza kunyesha tangu alfajiri. Tulikuwa tunamngoja mkaguzi wa shirika aje kwa treni kuutazama ukurasa kabla haujaruhusiwa rasmi, na tajiri alikuwa ameshafuta vumbi kompyuta mara nyingi kuliko inavyostahili. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mkwe wangu, khanga imemganda mabegani. Alikuwa ametoka nyumbani kwake Mhunze kwa basi la kwanza. Hakuwahi kuja dukani kwetu bila kutuma salamu kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ng'wana wane. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Za Mhunze?"

"Mhola duhu. Wazima wote. Mzee mzima, ng'ombe wazima, na mvua ndiyo hii."

Ng'wana wane ni mwanangu, na mhola duhu ndiyo salama tu. Kwetu ndivyo tunavyojibu, hata kama umetoka kuzika. Mtu anaanza kwa uzima wa kila mtu, wa mifugo na wa mahindi, na wewe unamngojea. Nilimsogezea stuli. Hakukaa.

"Ila," akasema, "kuna kijana wa jirani amerudi jana kutoka machimboni. Anasema duara la mwanangu limetitia."

Duara ndilo shimo lenyewe, linachimbwa kwenda chini moja kwa moja, na mvua ikizidi kuta zake zinalegea. Kijana alikuwa amesema waliokuwemo walitolewa, wengine wakitembea, wengine wakibebwa, na wote wakapelekwa zahanati. Yeye hakungoja kuona nani ni nani, alikimbia na nafsi yake. Mama mkwe wangu alikuwa amesikia kwamba mimi mkwe wake nina mashine inayojua habari za zahanati, akapanda basi.

Nilishika ukingo wa kaunta nikamwambia akae, akae tu, sasa hivi tutajua. Nilikwenda kwanza kwenye simu nikampigia karani wa Mwanza, mtu niliyezungumza naye karibu kila siku. Alikuwa mwingi wa maneno, wa kukuuliza hata paka wa jirani. Safari hii aliikata salamu katikati, na nilipolitaja tu jina la ninayemuulizia akanidakia.

"Dada, tumekatazwa kutoa habari za wagonjwa kwa simu. Si mna ukurasa? Ulizeni kwenye ukurasa."

Akakata. Nilimtukana kimoyomoyo, nikawasha modemu.

Ukurasa ulipofunguka niliandika jina la mume wangu kwenye kisanduku cha kwanza. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, pumzi yake shingoni. Kwenye kisanduku cha pili vidole vyangu viligoma. Nikakiruka, nikabonyeza Tafuta. Yakaja maandishi mekundu: Jaza jina la baba. Wekundu ule niliuchagua mwenyewe, na siku nilipouchagua niliuona unapendeza.

Nikajiambia kuandika si kusema. Nikagonga herufi ya kwanza ya jina la mzee. Mkono wangu ukashikwa.

Wengi walidhani mama mkwe wangu hajui kusoma, na yeye aliwaacha wadhani hivyo. Lakini alikuwa amepitia kisomo cha watu wazima enzi zile za ubao chini ya mti, na herufi alizijua zote. Alikuwa ameiona ile moja kwenye kioo na alijua inakwenda wapi.

"Unafanya nini?"

"Naandika, mama. Sisemi."

"Kuandika si kusema kwa mkono?"

"Mashine inalitaka jina. Bila jina haijibu."

"Mashine haijaolewa," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini na mkono wake haukulegea. "Wewe umeolewa. Mwanangu yuko kwenye matope, sijui kama anapumua, halafu wewe unamvunjia baba yake heshima saa hii hii? Ukimtaja mzee sasa, unamwita nani aje? Usinizikie mtoto."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mume wangu na begi lake, nikaikasirikia herufi ile moja iliyokaa kwenye kisanduku inameta. Nilifikiri kumtuma nje akanunue chai ili niandike haraka haraka akiwa hayupo. Ningeweza. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa kama yeye. Nina cheti changu cha kidato cha nne, nilikuwa nachora kurasa za intaneti, na niliogopa kwamba nikiligonga jina lile mtu atakufa. Nikaifuta herufi.

Tajiri akatokea uani, funguo za gari mkononi, anakwenda stesheni kumpokea mgeni. Akatukuta tumeshikana mikono mbele ya mashine yake.

"Kuna nini tena?"

Nikamweleza. Alisikitika kweli, alimfahamu mume wangu, maana huyo ndiye aliyekuwa anatutengenezea jenereta. Kisha akasema, "Sasa tatizo liko wapi? Jina tu hilo. Kama nyie hamwezi kuandika, niambieni mimi niandike."

"Nani akuambie?" mama mkwe wangu akamuuliza.

Tajiri akanitazama. Nikatazama sakafu. Akaanza kucheka kwa kuchoka. "Yaani mtu anaweza kuwa anakufa, na wanawake wawili wazima wanashindwa kutaja..."

Ba alipiga kaunta kwa funguo. Alimwambia mwanawe maneno marefu ya Kigujarati, kisha akayarudia kwa Kiswahili ili na sisi tuyasikie.

"Wewe umezaliwa nyumba hii, umekulia nyumba hii. Siku moja ulinisikia mimi nataja jina la baba yako?"

Tajiri akainua macho. Aliitazama picha ukutani kama anaiona leo.

"Serikalini wakiniuliza jina la mume, nani anasema?"

"Mimi, Ba."

"Kabla hujazaliwa alisema kaka yangu. Basi." Akanigeukia. "Wewe si ndiye umejenga hii kitu? Bomoa huo mlango, tupite."

"Ukurasa usiguswe!" tajiri akasema. "Mgeni anashuka kwenye treni sasa hivi. Akikuta umeharibika, kazi imekwenda."

"Mgeni atakunywa chai kwanza," Ba akasema, na mwanawe akatoka kwenye mvua bila kuaga.

Nikafungua programu ya kuchorea. Ukurasa wangu ukaja kwenye kioo vipande vipande, kila kisanduku na mpaka wake wa nukta. Nikakibonyeza kisanduku cha jina la baba, nikatafuta ile alama ya vema, nikaiondoa. Mama mkwe wangu akanigusa bega. "Na hicho cha chini." Alikuwa sahihi: jina la babu lilikuwa la mkwe wake yeye. Nikaiondoa na hiyo. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, na katika haraka hiyo nilikiburuta kitufe cha Tafuta kikaenda kukaa juu kabisa ya ukurasa. Nikakiacha huko huko.

Kilichobaki kilikuwa kuupeleka ukurasa mpya Mwanza kwa laini ya simu, na laini ya Shinyanga siku ya mvua kila mtu aliijua. Ulianza kwenda. Kuna mstari wa bluu unaojaa polepole kukuonyesha umefika wapi. Ulifika katikati, radi ikapiga, ukafutika. Nikaunganisha tena. Modemu ikalia. Mtu akaingia anataka kupiga simu Kahama, Ba akamwambia simu imekufa. Akasema mbona anaisikia inalia. Ba akamwambia inalia kwa sababu imekufa, aende zake. Mstari ukajaa, ukasimama karibu na mwisho. Mama mkwe wangu hakuelewa mstari ni wa nini, ila alikuwa ameshajua ukisimama ni vibaya, maana alikuwa anautazama uso wangu. Kisha ukasogea. Ukajaa.

Nikarudi kwenye ukurasa wa ndugu. Nikaandika jina la mume wangu peke yake, nikapandisha mausi hadi kilipohamia kitufe, nikabonyeza.

Hakuna rangi nyekundu iliyokuja. Majina yakaanza kushuka taratibu, mstari mmoja halafu kimya, mstari mwingine halafu kimya. Wote wana jina moja, la mume wangu. Mbele ya kila mmoja jina la baba, jina la babu, hali, na maelezo. Nilitaka kusoma lakini macho yangu yalijaa maji na maandishi yakavimba.

Mama mkwe wangu alinisukuma pembeni kwa nyonga. Akaweka kidole kwenye kioo na kuanza kushuka nacho, midomo inacheza bila sauti, kama alivyofundishwa kisomoni. Alikuwa anayasoma majina ya akina baba. Akamkataa wa kwanza. Akamkataa aliyefuata. Akakaa muda kwa mmoja ambaye jina la baba lilianza kama lile, akamkataa naye. Kidole kikashuka, kikasimama. Midomo ikaacha kucheza.

"Huyu," akasema.

Kidole chake kilikuwa chini ya jina la mume wake. Nilithibitisha na jina la babu. Ndiye. Nikafuata mstari kwa jicho kwenda kulia, lakini yeye alinitangulia, akisoma silabi kwa silabi.

"M-zi-ma."

Akarudia kwa haraka. Mzima! Akageukia mlangoni, uso upande wa Mhunze, na kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto akamwita mume wake kwa jina. Alilitaja lote, wazi, mbele yetu na mbele ya watu waliojibanza barazani kukwepa mvua. "Mwanao mzima!" akamalizia. Halafu akajisikia alichosema, akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Tulimtazama. Ba ndiye aliyeanza kucheka. Nikacheka na mimi, nikalia na mimi, nikamkumbatia mama mkwe wangu akiwa bado ameziba mdomo, na chini ya mikono yake nilimsikia naye anacheka. Ba alivuta mkebe wa jalebi, vile vitamutamu vya Kihindi, uliokuwa umewekewa mgeni, akaufungua, akasema mgeni atakula biskuti. Mama mkwe wangu akachukua jalebi mikono yote miwili. Akawa anazunguka kati ya rafu za madaftari anacheza kidogo kidogo na mabega, akimwomba radhi mzee ambaye hakuwepo, kisha anacheka tena.

Nikasema nimchapie karatasi ampelekee mzee. Nikakaa, nikashika mausi, nikautazama ule mstari sasa kwa macho makavu.

Mwisho wa kila mstari palikuwa na maelezo. Mmoja malaria. Mwingine mkono, amefungwa plasta. Mwingine Mzima, na maelezo yake: aliruhusiwa. Wa mume wangu ulisema Mzima, na mbele yake hapakuwa na kitu.

Niliusoma tena. Zahanati haisomi redioni jina la mtu asiyeumwa. Mtu hafiki kwenye orodha ile mpaka aletwe. Sasa mzima gani huyu, aliyeletwa bila ugonjwa na asiyeruhusiwa? Ndipo nilipokiona kile kisanduku mbele yangu, jinsi nilivyokiburuta, jinsi nilivyoyapanga maneno. Kisanduku cha kuchagua huonyesha neno la kwanza kabla hujakigusa. Usipochagua kitu, neno hilo ndilo linalokwenda. Na la kwanza niliweka Mzima, kwa sababu ni wapi kwetu mtu anaanza na kifo? Karani asipokigusa, kisanduku kile kingesema Mzima hata kwa maiti.

Nyuma yangu mama mkwe alikuwa anamwambia Ba jinsi mwanawe alivyokuwa mtundu utotoni, na Ba anaitikia. Sikugeuka. Nilikata modemu, laini ikarudi kuwa simu, nikapiga Mwanza.

"Haloo."

"Ni mimi wa Shinyanga."

"Aa, dada." "Habari za huko?"

"Nzuri. Za Mwanza?"

"Nzuri tu. Hapo wazima?"

"Wazima. Huko wazima?"

"Wazima, dada. Wazima kabisa."

Nilingoja. Nilikuwa nimesalimiana na watu maisha yangu yote, na sikuwahi kuliogopa neno hilo kama dakika ile.

"Sikuulizi habari ya mgonjwa," nikamwambia. "Nauliza habari ya ukurasa wangu, nina haki ya kujua unavyofanya kazi." Nikamtajia jina la mume wangu. Sikumtajia la baba yake. "Kwenye huyu asiye na maelezo, kile kisanduku cha Hali ulikigusa?"

Niliisikia mvua ya Mwanza kwenye simu.

"Dada, huyo ni nani wako?"

"Mume wangu."

"Nilikigusa," akasema. "Nilikiteremsha mpaka kwenye neno la tatu, nikalitazama. Nikaona si vizuri. Mtu akalisome kwenye kioo? Amesimama, hajakalishwa chini, hakuna hata mtu mzima wa kumshika? Nikakirudisha kilipokuwa. Nilijua wenzake wameshatoka huko na gari, wanakuja Mhunze na wazee wawaambie kwa mdomo, kama watu. Sikujua mtawahi kuuliza. Uliponipigia asubuhi nilishindwa, dada. Nisamehe."

Sikuwa na cha kumsamehe. Ningekuwa mimi, ningekirudisha pia.

Niliweka simu taratibu. Nilitaka mtu mzima anishike. Nilitaka mtu aje aniketishe, aniulize habari za nyumbani, za mvua, za kila kiumbe mwenye uhai, azungukezunguke mbali kabisa kabla ya kufika. Hakuna aliyekuja, kwa sababu aliyejua nilikuwa mimi peke yangu.

Ba aliuona uso wangu. Alikuwa mjane, hakuhitaji maelezo. Alifunika mkebe wa jalebi, akavuta ncha ya sari akafunika kichwa chake. Akatoka nyuma ya kaunta na kiti chake mwenyewe, kile ambacho hakuna mwingine aliyewahi kukikalia, akakiweka nyuma ya mama mkwe wangu, akambonyeza bega mpaka akakaa.

Mama mkwe wangu alikuwa bado na jalebi mkononi. Alinitazama huku tabasamu likiwa halijaondoka.

"Huyo wa Mwanza anasemaje?"

Nikapiga magoti sakafuni mbele yake, nikaishika mikono yake, yenye sukari.

"Anasema ni wazima, mama," nikamwambia. "Wazima wote. Ila."